Kuzuru Makumbusho ya Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wageni wanaofikia kwetu huuliza maswali yale yale, wengine wakiwa bado hawajashuka mashuani. Nimeyaweka hapa pamoja ili nipumzishe koo. Mimi si mfanyakazi wa makumbusho. Ni mtu wa mji tu, nimeingia humo mara nyingi kwa ajili ya wageni, na mara chache, nikiri, kwa kukimbia jua.

Haya ni makumbusho ya sanaa au ya historia?

Ukija kutafuta picha za rangi zilizotundikwa ukutani, utatoka mikono mitupu. Sanaa ya Amu, ndivyo sisi wenyewe tunavyouita mji wa Lamu, haikutundikwa. Ilikaliwa, ililaliwa, ilivaliwa kichwani, ilinywewa maji, na usiku ikatiwa komeo. Humo ndani utakuta milango ya nakshi, viti vya enzi, vitanda, vyetezo na mirashi, mapambo ya fedha, kofia, mikeka, kaure, mifano ya vyombo vya bahari, na siwa. Karibu vyote vimetoka hapa hapa visiwani na mwambao wa karibu: Amu, Pate, Siyu, Faza, Manda, na kwa Wabajuni. Hilo ndilo linaloyatofautisha na makumbusho makubwa ya Nairobi, ambako pwani hupata chumba chake kisha mgeni akaendelea na mambo mengine. Hapa pwani ndiyo nyumba nzima.

Yako wapi, na nitafikaje?

Yako mtaa wa Mkomani, mbele ya bahari, katika jumba jeupe la karne ya 19 lenye baraza pana za juu, ambalo maafisa wa Kiingereza waliwahi kuishi kabla halijafunguliwa kuwa makumbusho mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mlango mkubwa wa nakshi utakuonyesha ndipo.

Ukija kwa ndege utatua Manda, kisiwa cha jirani, na kuvuka kwa mashua kwa dakika chache. Ukija kwa basi kutoka Mombasa, njia ni Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe, halafu mashua. Ihesabu kuwa safari ya siku nzima. Barabara ya Garsen kuja huku iliwahi kuwa na matatizo ya usalama, kwa hiyo waulize watu wa basi hali ilivyo wiki hiyo, usisikilize hadithi za mwaka juzi. Ukishashuka gatini huhitaji gari wala mtu wa kukupeleka. Fuata ukingo wa bahari. Vijana watakaokuambia ni mbali wanatafuta riziki, usiwakasirikie, lakini si mbali.

Yanafunguliwa saa ngapi, na kiingilio ni pesa ngapi?

Kila siku, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Ijumaa mchana mji mzima huelekea misikitini, kwa hiyo ujipange kuwa umemaliza kabla ya adhuhuri au uje alasiri.

Bei sitaziandika, maana hubadilika, na mtu akizikuta hapa baada ya miaka miwili atakuja kunidai mimi chenji. Jambo la kujua ni kwamba kiingilio kimegawanywa: raia wa Kenya, watu wa Afrika Mashariki, na wageni wa nje, na watoto hulipa pungufu. Chukua kitambulisho, la sivyo utalipishwa kama mtalii hata ukiapa kwa Kiamu safi. Malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, hivyo simu iwe na chaji. Na hapo kaunta uliza tikiti yako ni ya jumba hili pekee au pia ya Ngome, lile boma la zamani la mji, na Nyumba ya Kiswahili.

Nianzie wapi?

Hapa mimi na waongozaji wengi hatupatani. Wao humwingiza mgeni kwenye jumba kubwa la pwani kwanza. Mimi nasema anza na Nyumba ya Kiswahili, ambayo iko nyuma yake, ndani ya vichochoro vya Mkomani. Sababu ni hii: katika jumba kubwa utaviona vitu vimetolewa mahali pake. Kitanda kiko huku, mlango uko kule, sahani ziko kwenye kabati la kioo. Ukiwa hujui vilikuwa vinakaa wapi, utasema "vizuri" na kupita. Nyumba ile ni ya karne ya 18, imekarabatiwa, na ndani yake kila kitu kimewekwa kinapostahili.

Ingia polepole. Kwanza kuna daka, lenye baraza za mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba alikaa na wanaume wenzake bila ya mtu kuingia ndani. Kisha tekani, kijia kilichopinda makusudi ili anayepita barabarani asione kitu hata mlango ukiwa wazi. Ukipinda unatokea kiwandani, uwanja mdogo ulio wazi kwa juu, na ghafla kuna mwangaza. Baada ya hapo vyumba vinafuatana kama visanduku: msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi mbili za kukaa, kisha chumba kiitwacho ndani, na mwisho kabisa nyumba kati. Kadiri unavyoendelea, ndivyo mwanga unavyopungua na siri inavyozidi. Nyumba kati ndiko watoto walikozaliwa na ndiko maiti walikooshwa.

Utagundua vyumba ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu au tatu hivi. Si ubahili wa fundi. Dari imebebwa na boriti za mkoko, na mkoko haukupi boriti imara ndefu zaidi ya hapo. Mti wa kwenye tope ndio uliopima sebule za matajiri. Inua macho uzihesabu.

Halafu zidaka. Huo ni ukuta mzima wa vijidaka vya chokaa, safu juu ya safu, vilivyochongwa chokaa ikiwa bado laini. Kaa chini sakafuni, mahali ambapo mtu angekuwa ameketi mkekani, ndipo utaona ujanja wake: vile vya kati ni vikubwa, vya pembeni na juu vinapungua, na ukuta unaonekana kama unarudi nyuma, chumba chembamba kikawa na kina. Humo ziliwekwa sahani za kaure kutoka Uchina, msahafu, na vitu vya thamani. Ukisimama mlangoni na kupiga picha hutaliona hilo. Lazima uketi.

Usitoke kabla ya kuchungulia birika la maji chooni. Waamu walitia samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa, sakafuni mwa birika, wakapachika bakuli la kaure, ili maji yakipungua samaki wabakie na kidimbwi chao. Nimewahi kumpeleka mhandisi mmoja, akapita milango yote ya nakshi bila ya neno, akaja kuchuchumaa hapo kwenye birika robo saa.

Na kwenye jumba kubwa, nisikose kuona nini?

Siwa. Hata kama una dakika kumi.

Ni baragumu za heshima, hupulizwa kwa tundu la ubavuni, si kwa ncha. Zinazojulikana zaidi ni mbili: ya Amu, ya shaba, na ya Pate, ya pembe za ndovu, ambayo ina urefu unaozidi mita mbili. Siwa hazikuwa za kila mtu. Zilipigwa mtawala akitawazwa, na kwenye harusi na jando za watu wa nasaba. Kunyimwa siwa ilikuwa ni kuambiwa mbele ya watu kwamba wewe si mwenzetu.

Habari za Pate zinasimulia juu ya Mwana Darini, bibi wa ukoo wa kifalme, aliyetaka siwa kwa jando la mwanawe akanyimwa. Hakulia wala hakubembeleza. Alimtafuta fundi mwenye mkono akamwambia amchongee nyingine ya pembe. Iwe kisa kilikuwa hivyo kwa kila herufi au sivyo, ukiitazama ile ya pembe kwa karibu, jinsi ilivyounganishwa na jinsi nakshi zilivyozungushwa kama msuko, utaamini kwamba mtu aliifanya akiwa na jambo la kuthibitisha.

Pili, kiti cha enzi. Mbao nyeusi za mpingo, mgongo ulionyooka wima, kiegemeo cha miguu mbele, na mahali pa kukalia na pa kuegemea pamesukwa kwa kamba nyembamba za pamba. Vipande vidogo vya pembe au mfupa vimepachikwa ndani ya mbao. Si kiti cha kustarehe, na hakikukusudiwa hivyo. Kilikaa tayari kwa mgeni mheshimiwa, na mgeni mheshimiwa hajilazi.

Tatu, mfano wa mtepe. Ni chombo kilichoshonwa, si kupigwa misumari: mbao zimefungwa kwa kamba za usumba wa nazi, na tanga lake ni la mraba, la mkeka. Mitepe ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo mfano huo ndio ulio karibu zaidi na mtepe halisi utakaoweza kuuona. Ukitoka, tazama majahazi yaliyotia nanga mbele ya jumba, utaona umbo limebadilika wapi. Ukipata nafasi, nenda Matondoni, kijiji cha upande wa pili wa kisiwa, wanakounda vyombo hadi leo.

Ni kweli kwamba minyororo iliyochongwa mlangoni ina maana ya nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa?

Utaambiwa hivyo Amu, utaambiwa hivyo Unguja, na utaambiwa kwa sauti ya uhakika. Mimi siikubali. Pambo la mnyororo lina undugu na pambo la msuko na la kamba, ambayo mafundi wameyazungusha kwenye fremu za kila aina, misikitini pia. Watumwa walikuwepo, na nyumba hizi za mawe zilijengwa na kuhudumiwa kwa jasho lao. Hilo halihitaji mnyororo wa mbao kulithibitisha, na naona kama hadithi ya mlango inatumika kuyafanya mambo makubwa yaonekane kuwa ya nyumba moja moja.

Miiba ya shaba nayo, eti ni ya kuzuia ndovu. Huko India ambako mtindo ulitoka labda. Ndovu wa kupita kichochoro cha Mkomani, ambamo punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma, bado sijamsikia.

Badala ya hadithi hizo, tazama mfaa, ule ubao wa kati unaoziba ufa kati ya mbao mbili za mlango. Fundi humwaga ufundi wake wote hapo na kwenye ubao wa juu. Milango ya Siyu ina michoro ya kukatwa kwa kina kidogo, ya maumbo ya jometri, ikitiwa rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mingine ina maua na majani yaliyochimbwa kwa kina. Na kuna mtindo unaohusishwa na Muhamadi Kijumwa, mtu wa Amu aliyefariki 1945, mchongaji, mshairi, mwandishi wa khati na mpiga ala. Ni mmoja wa mafundi wachache wa hapa tunaowajua kwa jina. Wengine walifanya kazi, wakalipwa, wakaenda zao.

Nitenge muda gani?

Waharaka hutumia dakika arubaini. Mimi nasema asubuhi moja kwa jumba kubwa na Nyumba ya Kiswahili, kisha alasiri nyingine kwa mji wenyewe. Asubuhi ni bora kwa sababu jua hutokea upande wa Manda na kuimulika pwani yote. Saa saba mchana usijaribu, utaona jasho lako tu.

Nichukue mwongozaji?

Kama hujawahi kuingia nyumba ya Kiamu, ndiyo. Patana bei kabla ya kuanza, na upatane pia ziara inaishia wapi, maana nyingine huishia dukani. Mwongozaji mzuri utamjua kwa swali moja: muulize chumba hiki kinaitwaje kwa Kiamu. Akikujibu "chumba cha kulala", shukuru na uendelee peke yako.

Naruhusiwa kupiga picha?

Uliza mlangoni, usibahatishe. Taa ya kamera izime hata kama hujaambiwa, kwa sababu nguo kuukuu na karatasi za miswada haziipendi. Nje, mtaani, usimpige picha mwanamke bila ya ruhusa yake, wala mtu yeyote aliyeketi barazani kwake. Baraza ni nyumbani, ingawa iko barabarani.

Nivae nini?

Mabega na magoti yafunikwe. Viatu viwe vya kuvua na kuvaa upesi, na visiwe vyeupe. Punda wana mambo yao.

Nina watoto. Watachoka?

Watachoka na maandishi, hawatachoka na vitu. Wape kazi: atafutaye tumbuu kubwa kuliko zote mlangoni, ahesabuye zidaka bila ya kukosea, atakayeona sehemu ya siwa inayopulizwa. Mbuzi ya kukunia nazi huwafurahisha watoto wa mijini ambao nazi wanaijua kwenye pakiti.

Mama yangu hawezi ngazi. Ataona nini?

Jumba ni la zamani, halina lifti, na sehemu kubwa ya maonyesho iko juu. Njia ya pwani ni tambarare, ila vichochoro vya ndani vina mawe na vidaraja vya mifereji. Kiti cha magurudumu kitasumbuka huko. Mpeleke mapema, aione milango na vitu vya chini, kisha mkae naye barazani Ngome, ambako uwanja ni wazi na wazee wenzake hawakosekani. Wazee wetu wengi huridhika zaidi na hao kuliko na kaure.

Vipi wakati wa Ramadhani au Maulidi?

Ramadhani mji hulala mchana na kuamka usiku. Makumbusho utayakuta matupu, jambo zuri, lakini chakula cha mchana ni taabu, na kula barabarani ni utovu wa adabu. Maulidi ni kinyume chake. Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, watu humiminika kutoka mwambao mzima kuja Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, vyumba hujaa, na bei hupanda. Lakini ndio wakati wa kuona kanzu mpya, kofia mpya na matari, yaani makumbusho yakitembea. Weka nafasi mapema.

Naweza kununua kitu cha kale?

Usinunue. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inakataza kutoa vitu vya kale nje ya Kenya bila ya kibali, na pembe za ndovu na magamba ya ng'amba ni marufuku kabisa. Kisha kuna aibu yake: kila mlango uliouzwa umeacha tundu katika ukuta wa mtu. Vigae vya kaure utakavyoviona kwenye magofu ya Takwa au Pate viache pale pale.

Nunua kipya. Mafundi seremala wapo hadi leo, na utasikia patasi kabla ya kuona karakana. Kofia nzuri ya Kiamu ni kazi ya wiki nyingi: mshonaji hutoboa vitundu vidogo mno na kuvizungushia uzi kimoja kimoja, na hivyo vitundu ndivyo vinavyofanya mchoro na kuingiza hewa kichwani. Iinue kwenye mwanga. Ya mkono vitundu vyake havifanani vyote sawasawa. Ya mashine hufanana. Ukitajiwa bei ukashtuka, gawanya kwa siku za kazi, halafu ushtuke upya.

Mbali na hapo, niende wapi?

Ngome iko katikati ya mji. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela kati ya Waamu na Wapate, Waamu wakisaidiwa kuijenga na Waomani, na ilikuwa jela hadi 1984. Zamani bahari ilifika mbele yake. Nyumba zote zilizo kati yake na maji leo ni za baadaye. Posta ya Wajerumani ni chumba kidogo, ya dakika kumi na tano: ilifanya kazi kuanzia 1888 hadi 1891, Wajerumani walipokuwa na mkono wao Witu. Takwa, huko Manda, nenda maji yakiwa yamejaa, la sivyo mashua itakwama kwenye mikoko nawe utatembea topeni.

Sisi tuko Muscat. Nyumbani tuna sahani za bibi zilizotoka Amu. Tuzilete makumbusho?

Kabla ya kuzileta popote, mkalisheni aliye mzee zaidi katika familia, mrekodi anachokijua: zilikuwa nyumba ipi, mtaa upi, alipewa nani, harusini kwa nani, nani aliivunja ile ya sita. Kisha zipigeni picha mbele na nyuma, mwandikie makumbusho. Sahani yenyewe wanazo. Mtaa na harusi ndivyo vinavyokosekana, na vikishakufa na mtu hakuna wa kuvikarabati.

Nimebakiwa na saa moja kabla ya mashua ya kwenda uwanja wa ndege. Nifanye nini?

Acha jumba kubwa, nenda Nyumba ya Kiswahili. Keti sakafuni ndani, uzikabili zidaka, dakika tano bila ya simu. Tazama samaki. Ukitoka, shika njia ya pwani kurudi gatini, na kama bado una dakika, maji ya ukwaju baridi hayako mbali.